Saa za Barabarani Nazo Zihesabiwe

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wazazi wa watoto wanaojifunza jimnastiki, Nyakato, Mwanza. Nimeiweka kwenye maandishi kwa sababu wazazi kadhaa wa Magu na Sengerema hawakuweza kufika, na kilichowazuia, yaani umbali wa safari, ndiyo mada yenyewe.

Ndugu mwenyekiti wa kamati ya wazazi, walimu wenzangu, akina baba na akina mama, mwadila!

Asanteni. Wa Kisesa naona mmeitikia kwa nguvu kuliko wa mjini, na ninyi ndio mmetoka mbali. Karibuni sana.

Kwa wasionijua, nimefundisha michezo katika shule za msingi za jiji hili hadi nikastaafu. Siku hizi nawasaidia makocha wa hapa, na kazi yangu kubwa ni kushika migongo ya watoto wasianguke na kugombana na wanaokuja bila kula. Kwa hiyo nyinyi mnawaona watoto wenu wakipanda gari, mimi nawaona wakishuka. Mara nyingine huwezi kuamini kuwa ni mtoto yule yule.

Mwenyekiti aliniomba niwaambie kama inafaa mtoto kusafiri mbali kwa ajili ya mazoezi. Jibu la ndiyo au hapana sina, na atakayekupa jibu hilo kabla hajauliza mtoto ana miaka mingapi, analala saa ngapi na nani anabaki na wadogo zake, huyo mshukuru kwa heshima uende zako. Nilicho nacho ni jambo moja tu. Saa ambazo mtoto anakaa barabarani ni sehemu ya mazoezi yake, na zinapaswa kuandikwa kwenye ratiba kama zinavyoandikwa zile za ukumbini. Mzazi anasema, "Mwanangu anafanya mazoezi saa mbili tu, mara tatu kwa wiki." Mbona hiyo ni ratiba ya kocha? Ya mtoto iko wapi?

Tuiandike hapa hapa. Tuchukue mtoto wa miaka tisa anayekaa Magu, kama kilomita 60 kutoka mjini. Anatoka shule saa tisa alasiri. Anakimbia nyumbani kubadili nguo, anakwenda stendi, anasubiri gari lijae, maana gari zetu haziangalii saa, zinaangalia siti. Tuseme ana bahati, saa kumi na moja yuko mlangoni. Anafanya mazoezi hadi saa moja. Kisha aanze kurudi: Buzuruga pamejaa, Igoma pamejaa, gari linasimama kila penye mtu aliyeinua mkono. Akifika nyumbani saa tatu usiku amewahi. Hapo hajala, hajaoga, na hesabu za mwalimu ziko kwenye daftari zinamsubiri. Analala saa tano. Saa kumi na moja alfajiri anaamshwa, kwa sababu shule yake haijui kwamba jana alikuwa Nyakato.

Hizo ni saa sita za kulala. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Na si suala la kusinzia darasani peke yake. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2014 huko Marekani, wa wanafunzi wanaoshiriki michezo: waliokuwa wakilala chini ya saa 8 waliumia mara 1.7 ya wenzao waliolala vya kutosha. Huo ulikuwa wa michezo mchanganyiko. Sasa fikirieni mchezo huu wetu. Mcheza mpira aliyechoka atapoteza pasi, watu watamzomea, mpira utaendelea. Mtoto aliyechoka akijirusha kinyumenyume akachelewa nusu sekunde kukunja magoti, anatua kwa shingo.

Madaktari wa michezo ya watoto wana kanuni nyepesi ya kukumbuka: saa za mazoezi yaliyopangwa kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Wa miaka tisa, saa tisa. Wa miaka kumi na miwili, saa kumi na mbili. Tena apate siku moja au mbili kwa wiki za kupumzika kabisa. Kanuni hiyo haisemi lolote kuhusu daladala. Mimi naongeza la kwangu, na mnaweza kulikataa: hesabuni na safari. Mtoto wetu wa Magu akija mara tatu, ukumbini ni saa sita, yuko salama. Ongeza safari za kwenda na kurudi, kama saa kumi na moja hivi, uone imefika ngapi. Kumi na saba. Kwa umri wa miaka tisa.

Kuna mama ataniambia kwamba kwenye gari mtoto anakaa tu, anapumzika. Mayu, njoo Jumamosi moja ukae na mimi pale mlangoni. Mtoto anashuka kwenye Hiace alikobanwa katikati ya watu wawili na begi mapajani, magoti yamekunjwa mwendo mzima. Nyonga zimekaza, mgongo umekaza, nyuma ya mapaja ndiyo usiseme. Anasikia wenzake wameshaanza. Anavua sweta akikimbia, analitupa juu ya viatu vya wengine, anaingia kwenye mstari moja kwa moja, na zamu yake inayofuata ni kupiga msamba. Wenzake wa Buzuruga na Mecco wamepasha mwili joto dakika ishirini, yeye hata moja. Kocha ana watoto wengi, hana macho mgongoni. Anayetoka mbali ndiye anayechelewa, na anayechelewa ndiye anayeruka kile kipande cha mazoezi kilichowekwa ili asiumie. Nimeshawaambia makocha, na leo nawaambia mbele yenu: mtoto akichelewa, akae pembeni apashe mwili kwanza, hata kama atakosa nusu ya kipindi. Mzazi asije juu kwamba amelipa ada.

Na chakula. Mtoto aliyekula ugali saa saba mchana hawezi kufanya jimnastiki saa kumi na moja kwa soda na biskuti za stendi. Bibi zetu walishatatua jambo hili zamani: matobolwa na karanga. Viazi vitamu vilivyokaushwa baada ya kuchemshwa havimwagiki, haviozi kwenye joto la gari, na vinashibisha. Mfungie na chupa ya maji. Ndizi mbili ni sawa pia. Mwambie ale akiwa njiani, asisubiri afike.

Sasa fedha, nisikae nazo sana maana kila mtu anaujua mfuko wake. Lakini pigeni hesabu kwa mwaka, msipige kwa siku. Mtoto na anayemsindikiza ni nauli mbili. Kwenda na kurudi, nne. Mara tatu kwa wiki, kumi na mbili. Kwa wiki 40 ni nauli 480. Tuseme nauli moja ni shilingi 2,000, na najua konda akiamua mtoto wako analipa kama mtu mzima: hapo ni shilingi 960,000. Ada ya mazoezi bado, kiingilio cha mashindano bado. Nawaombeni muikumbuke hiyo 960,000, nitaihitaji baadaye kidogo.

Kuna malipo mengine yasiyopita mkononi mwa konda. Mama anapomsindikiza mdogo kwenye mazoezi, ni nani anayepika nyumbani? Naambiwa, "Dada yake yupo." Dada yake ana miaka kumi na mitatu, yuko kidato cha kwanza. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anachota maji, anakoka moto, anamwogesha mtoto wa mwisho, na akifungua daftari taa imeshaanza kufifia. Huyo hajawahi kupelekwa popote kujifunza chochote. Nimewahi kumuuliza binti mmoja wa namna hiyo, aliyekuja siku ya maonyesho, kama anafurahia sarakasi za mdogo wake. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Ni nzuri, mwalimu. Ila mimi nazijua kwa vyombo." Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Wazazi, mkikaa kulizungumza jambo hili nyumbani, mwiteni na huyo. Apewe kiti. Kama safari za mdogo haziwezekani bila yeye, basi na yeye ana kauli.

Nakuja kwenye lile linaloninyima raha kuliko yote. Mtoto anaijua nauli. Msidhani hajui. Anakuona ukihesabu noti, anakusikia ukimwambia jirani, "Leo nimefunga genge mapema, nampeleka huyu mazoezini." Anajua baba alisema hapana kwanza. Kwa hiyo akifika hapa, kiganja kikauma, hasemi. Atasemaje, na safari yote hii? Nilimwona binti mmoja akifanya kila kitu vizuri, lakini ikifika kusimama kwa mikono anajifanya anafunga nywele ili zamu impite. Nikamwita. Chini ya mkono wa sweta alikuwa amejifunga kitambaa cha kanga kifundoni mwa mkono, kimekazwa kwa fundo la meno. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu kabla ya likizo. Usimwambie mama, atasema nauli imepotea bure."

Kifundo cha mkono ndicho kinachobeba uzito wote katika mchezo huu, na mfupa wa mtoto una sehemu laini karibu na ncha, mahali mfupa unapokulia. Sehemu hiyo ikigongwa kila siku bila kupumzishwa inavimba, na ikiachwa inaweza kuharibu ukuaji wa mfupa. Ikigundulika mapema, dawa yake kubwa ni kupumzika. Mgongo vilevile: mtoto akilalamika maumivu ya kiuno kila anapojipinda kwenda nyuma, asimamishwe na apelekwe hospitali. Haitwi mvivu, wala hakandwi kwa maji ya moto akarudi kesho. Mambo haya yote yanategemea mtoto aseme. Na mtoto atasema kama anaamini kwamba safari iliyoishia kukaa benchi haimfanyi awe na deni.

Sisi wazazi nasi tumo humo humo. Ukishasafiri mwaka mzima, kuuliza maswali kunakuwa kugumu. Unaogopa kocha asije akakasirika, mtoto akakosa nafasi, jasho lote likaenda na maji. Katika mchezo huu ukimya wa namna hiyo umeshaleta msiba. Larry Nassar alikuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani. Mwaka 2018 alihukumiwa kifungo kirefu kwa kuwadhalilisha wasichana kingono kwa kisingizio cha matibabu, na wanawake na wasichana zaidi ya 150 walitoa maelezo mahakamani. Wengine walifanyiwa hivyo wazazi wao wakiwa ndani ya chumba. Siwatishi, na makocha wa hapa nawaheshimu. Lakini mlango wa ukumbi uwe wazi muda wote, mzazi yeyote akae pembeni atazame akitaka, na mtoto asibaki peke yake na mtu mzima yeyote, nikiwemo mimi. Anayetoka mbali ana haki ya kuuliza sawasawa na anayekaa nyuma ya ukuta huu.

Na usiku ni usiku. Mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili asirudi peke yake, wala asipakiwe mshikaki kwenye bodaboda kwa sababu mchomoko wa mwisho umeondoka. Hilo sitalijadili.

Najua methali itakayoletwa: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, na jimnastiki ni mmoja wa michezo michache ambayo mtoto akianza mapema anafaidika, kwa vile viungo vinalegea na woga haujaingia. Ila samaki haendi shule asubuhi. Tena kuanza mapema si lazima kuwe kuanza mbali.

Watu wanasikia habari za mabingwa waliovuma wakiwa wadogo, wanaingiwa na pupa. Nadia Comaneci wa Romania alipata alama kumi kamili Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14. Ubao wa matokeo ukaandika 1.00, maana hakuna aliyetarajia kumi. Leo mtoto wa miaka 14 asingeruhusiwa kushindana pale. Tangu mwaka 1997, kwenye mashindano ya kimataifa ya wakubwa, msichana anatakiwa awe anatimiza miaka 16 ndani ya mwaka huo. Kwa wavulana ni 18. Na ukitaka kujua mwisho wake uko wapi, mtazame Oksana Chusovitina wa Uzbekistan: Olimpiki nane, kuanzia Barcelona 1992 hadi Tokyo mwaka 2021, ambako aliruka akiwa na miaka 46 na kijana wake mtu mzima akimsubiri nyumbani. Mwenye mtoto wa miaka saba, unakimbilia gari gani?

Wapo waliosafiri wakafika, sikatai. Gabrielle Douglas wa Marekani aliondoka kwao Virginia Beach akahamia jimbo la Iowa, mbali kuliko Mwanza na Dar es Salaam, kwenda kwa kocha Liang Chow. London 2012 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuwa bingwa wa Olimpiki wa jumla katika mchezo huu. Lakini isimulieni habari hiyo yote. Aliondoka akiwa na miaka 14, baada ya kumbembeleza mama yake yeye mwenyewe. Hakuwa akienda na kurudi kila jioni. Alikaa na familia iliyompokea, akalala kwa wakati. Hata hivyo amesimulia kuwa miezi michache kabla ya London upweke ulimzidi, akataka kuacha kabisa arudi kwa mama.

Na yupo wa pili ambaye mimi nampenda zaidi. Kaylia Nemour, anayeiwakilisha Algeria, alichukua dhahabu ya Paris 2024 kwenye vyuma viwili, kile cha juu na cha chini. Ndiye mwanajimnastiki wa kwanza wa nchi ya Afrika kupata medali ya Olimpiki. Amekulia Ufaransa, na hakutengenezwa Paris. Alifunzwa kwenye klabu ya mji mdogo uitwao Avoine, karibu na alikozaliwa. Dhahabu ya kwanza ya jimnastiki ya Afrika imetoka kwa mtoto aliyefanya mazoezi jirani na kwao.

Kwa nini nang'ang'ania ujirani? Kwa sababu kwa mtoto wa miaka sita hadi tisa karibu kila anachojifunza hapa hakihitaji ukumbi huu. Kubingirika mbele na nyuma, kusimama kwa mikono miguu ikiegemea ukuta, daraja, msamba, kugeuka gurudumu, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo bila kelele. Kutua, jamani, kutua! Ningeweza kufundisha kutua peke yake muhula mzima. Hayo yote yanataka mkeka au nyasi, mtu mzima anayetazama, na dakika ishirini kabla ya chakula cha jioni. Boriti ya mashindano ina urefu wa mita 5, upana wa sentimita 10, na iko mita 1.25 kutoka chini. Upana ule unaweza kuuchora kwa chokaa uani. Mtoto anayeyumba kwenye mstari wa chokaa hana analolitafuta juu. Akishatembea juu yake mbele, nyuma na kwa kugeuka bila kutazama miguu, lazeni ubao chini, aanze upya.

Kinachohitaji ukumbi ni vyuma, pete, meza ya kurukia, na kila kinachomfanya mtoto apinduke hewani. Hicho kisifanyike uani hata siku moja, hasa kwetu huku ambako uani ni mwamba. Nimewaona watoto wa Mabatini wakipindukia kwenye mawe yale, na nimewaona wengine kwenye mchanga wa mwaloni wakijirusha mitumbwi ikiingia. Mchangani afadhali. Kwenye mwamba nitakuja nyumbani kwako mwenyewe.

Wale vijana wa ngoma ya bugobogobo wanaorusha majembe juu na kuyadaka wakiwa wanacheza, mnadhani walikuwa wakipanda gari kwenda Bujora kila jioni? Walijifunza kwao, uwanjani, na wakubwa wao. Bujora walikwenda kwa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma, makundi mawili hasimu ya wachezaji, Bagika na Bagalu, yakakutana, ikajulikana nani ni nani. Hapo safari ilikuwa na maana, kwa sababu kulikuwa na kitu kule ambacho kijijini hakipo. Hata halaiki, na naona hapa kuna wazazi walioimba na kujipanga kwenye halaiki utotoni, mazoezi mengi mliyafanya uwanja wa shule, uwanja mkubwa ukaja mwishoni.

Kwa hiyo mtanisikia nikisema safari ndefu inafaa pale mtoto alipofikia kitu ambacho kwao hakiwezekani, na yeye mwenyewe anakitaka. Kwa wengi hilo halifiki kabla ya miaka kumi au kumi na moja. Na hata hapo, safari iwe ya Jumamosi, mchana, mara moja kwa wiki, na siku nyingine afanye kwao. Likizo ya Juni na ya Desemba aje akae kwa shangazi Nyegezi au kwa mama mdogo Pasiansi wiki mbili, afanye mazoezi kila siku, alale. Wiki mbili za kulala vizuri zitampa zaidi ya muhula mzima wa kusinzia kwenye gari. Lakini mkimwacha kwa ndugu, msione haya kuuliza analala chumba gani na nani, anaamka saa ngapi, na kama akifika anageuzwa msaidizi wa kazi za ndani. Undugu haufi kwa kuulizwa. Muulizeni mtoto pia, mkiwa wawili, baada ya siku tatu nne.

Ndugu zangu wa Sengerema na Busisi, nafahamu daraja limewapa hamu. Tangu lilipofunguliwa Juni 2025, Kigongo hadi Busisi ni kilomita tatu za lami, wakati zamani mlikuwa mkitazama kivuko kikienda na nyie mmebaki. Nafurahi pamoja nanyi. Lakini daraja limefuta foleni ya kivuko tu. Usagara, Buhongwa na Mkolani ziko pale pale, na mjini bado mvuke kwenda upande wa pili. Pimeni kwa saa halisi ya mlangoni hadi mlangoni, siku ya kazi, jioni. Na wa Ukerewe, kwenu sina maneno mengi: meli ya Nansio si ya mtoto kupanda kwa ajili ya mazoezi ya jioni. Njooni likizo.

Jambo lingine ni kupanga mwisho mapema. Msianze safari isiyo na tarehe. Kubalianeni na mtoto kuwa mnajaribu muhula huu, na ukiisha mtakaa tena. Mwaka wa darasa la nne na wa darasa la saba, wenye mitihani ya taifa, punguzeni bila kungoja matokeo mabaya. Na akisema basi, iwe basi. Tanzania ina medali mbili za Olimpiki hadi leo, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, zote za Moscow 1980, na zote za kukimbia. Ikija ya tatu kwa jimnastiki nitacheza bugobogobo mwenyewe na magoti haya. Lakini mtoto aliyefanya mchezo huu miaka mitatu akaacha amebaki na mwili wenye nguvu, anajua kuanguka bila kuvunjika, na netiboli au riadha au ngoma vitampokea. Hakuna kilichopotea.

Sasa ile 960,000. Hiyo ni familia moja. Nimehesabu kwenye daftari la mahudhurio, watoto kumi na wawili wanatoka upande wa Igoma, Kisesa na Magu. Badala ya kumi na wawili hao kuja kwa kocha mara tatu, kwa nini kocha asiende kwao mara mbili? Mtu mzima mmoja anaweza kupanda gari saa nane mchana na kurudi saa moja usiku asiharibikiwe na kitu. Nimezungumza na kocha mmoja, amekubali Jumanne na Alhamisi akilipwa nauli na posho. Tunahitaji darasa tupu au ukumbi wa kanisa au wa kijiji pale Kisesa, magodoro mazito ya kutosha, na wazazi wawili wa zamu kila siku. Jumamosi watoto waje huku kwa ajili ya vyuma. Wa Magu bado watasafiri hadi Kisesa, najua, lakini watafika nyumbani na kula mapema kuliko sasa.

Katibu ana karatasi mbili. Ya kwanza ni ya wanaotaka kituo cha Kisesa: andika jina la mtoto, umri, shule anayosoma na saa anayotoka. Ya pili ni ya wazazi wenye gari wanaopita Usagara au Buhongwa Jumamosi asubuhi na wana nafasi ya kubeba mtoto wa mwenzao. Andika na siti ngapi, na tafadhali muwe na mikanda. Zisipite juu juu, kaeni nazo, ulizaneni.

Mwenyekiti anaonyesha saa, na wengine mna gari la kuwahi. Tuchukue maswali. Baba wa Busisi, mkono wako umekuwa juu tangu nilipotaja daraja, anza wewe.